Vidonge Juu ya Jiwe

Inspekta Judica Kaaya aliusukuma mlango wa chumba cha mahojiano kwa kiwiko, mkono mmoja ukiwa na jalada, mwingine chai iliyokwisha kupoa. Hakuketi. Tangu aripoti kazini asubuhi hiyo alikuwa hajagusa kiti. Alizunguka meza, akasogeza pazia, akalirudisha, akaangalia simu ambayo haikuwa imelia.

Mkuu wake, Afande Bura, alikuwa amempa maneno machache tu: mwanamke afikishwe mahakamani kesho asubuhi, shtaka la mauaji. Na mauaji hayana dhamana. Mtu akishaingia mahabusu kwa shtaka hilo, Mungu peke yake ndiye anayejua kesi itasikilizwa mwaka gani.

Mwanamke mwenyewe alikuwa amekaa kwenye benchi, kajikunyata pembeni kabisa ukutani, khanga imefungwa juu ya sweta. Gaudensia, mkulima wa Masieda, mjane mpya. Alikuwa dhaifu, midomo imekauka.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba. Haya Gaudensia, tuanze upya, na leo usinizungushe. Mumeo Bonaventura alikuwa na kifua kikuu. Akaanza dawa. Hata nusu ya matibabu hajafika, akafa. Askari wakachimbua kihenge chako cha mahindi wakakuta vidonge vyake vimefukiwa chini kabisa. Nani alivifukia?"

"Mimi."

Judica alimtupia jicho Koplo Marko, aliyekuwa mlangoni na kalamu yake. Kwa kawaida watu hukataa kwanza. Huyu alijibu kana kwamba kaulizwa jina la baba yake.

"Kwa nini?"

"Ili aache kuvimeza."

"Mgonjwa wa kifua aache dawa! Unasikia unachokisema?"

"Macho yake yalikuwa manjano, afande. Mkojo wake kama chai ya rangi. Anatapika hata maji matupu. Nikasema, hizi dawa zinamwua mume wangu."

"Dawa za serikali zinamwua, lakini ile uliyokuwa unachemsha kwenye chungu cheusi haimwui."

"Dawa ile ile ya chunguni mama mkwe anachemsha kwake, anakunywa kila siku. Nendeni mkamwangalie kama amekufa."

Marko alikohoa ili asicheke. Walikuwa wameshakwenda. Bibi alikuwa mzima wa afya, na aliwatukana tangu wanaingia hadi wanatoka. Chungu kilipelekwa kwa Mkemia wa serikali kipimwe, lakini Judica alishakifuta kichwani mwake. Kilichomsumbua kilikuwa kwingine. Kaka wa marehemu, Agustino, ndiye aliyeleta mashtaka, na katika maelezo yake aliapa kwamba alimsimamia mdogo wake kila alfajiri na kumwona akimeza kwa macho yake mwenyewe. Sasa, kama mke alificha dawa, mdogo mtu alikuwa anameza nini?

"Ulipovifukia, ikawaje?"

"Shemeji alikasirika. Akaenda zahanati, akasema mimi nimevipoteza, akapewa vingine. Hivyo vipya akavikalia mwenyewe. Hakunipa tena."

"Kwa hiyo ulijua mumeo anaendelea kumeza."

"Nilijua. Nililia mpaka nikachoka."

Judica aliacha kuzunguka. Mtu anayetaka kuua kwa kuficha dawa, akiona dawa zimeletwa nyingine, anafanya nini? Anatafuta njia nyingine. Afande Bura angesema hivyo hivyo: basi ndipo alipotia sumu. Daktari aliyepasua maiti alikuta ini limeharibika kabisa, na sumu nazo huharibu ini.

"Habari ya macho, nani alikufundisha? Si kila mtu anajua kuogopa macho."

"Wifi yangu Verediana. Ameolewa Hirbadaw, kule Hanang. Yeye aliwahi kupewa vidonge vya kuzuia kifua, akawa manjano hivyo hivyo. Aliviacha, akapona. Nilimwambia shemeji. Hakunisikia."

Jina la Verediana halikuwemo kwenye jalada. Hakuna askari aliyeuliza kama marehemu ana dada. Judica alisonya, akasukuma kikombe cha maji kilichokuwa mezani.

"Kunywa, midomo imekupasuka."

Gaudensia alirudisha mikono yake chini ya khanga. "Hapana, afande."

"Si maji ya moto."

"Asante. Siwezi."

Nje kwenye korido Judica alimgeukia Marko. "Ana nini huyu? Ananiogopa?"

"Hajawahi kunywa kwenye kikombe chetu tangu aletwe. Anakinga viganja bombani. Hata chakula anataka kwenye mfuko wake. Wale wa kaunta wanasema anayewawekea watu sumu huwaogopa wenzake."

"Wale wa kaunta wafunge midomo yao. Na wewe unasemaje?"

Marko alizungusha kalamu. Alikuwa mtoto wa hapo hapo Mbulu, mpole, shati limepigwa pasi. "Mimi sijui, afande."

"Washa gari."

*

Barabara ilikuwa mbaya na Judica aliiongezea ubaya kwa kumhimiza Marko. Kila waliposimama kupisha ng'ombe alikuwa anagonga dashibodi kwa vidole. Walipita Dongobesh, wakateremka, vumbi likaingia hata kwenye madirisha yaliyofungwa. Upande wa kushoto Mlima Hanang ulikuwa umejifunika wingu tangu kiunoni. Simu ilishika mtandao mara moja na ujumbe wa Afande Bura ukaingia: *Hati iko tayari. Uko wapi?* Judica aliirudisha simu mfukoni.

Verediana walimkuta uani anapiga maharage kwa fimbo, mwanamke mrefu mwenye nywele zilizoanza mvi. Aliiona sare ya Marko akaacha fimbo.

"Shikamoo, mama," Judica alisema.

"Marahaba, mwanangu. Mmeniletea msiba mwingine?"

"Nimekuja kwa habari ya mdogo wako Bonaventura. Pole sana."

"Nimeshapoa. Nilikwenda kuzika, nikakuta mke wake hayupo. Wakasema amekwenda kwao. Nikashangaa, mke gani anakwenda kwao kaburi halijakauka?"

"Hakwenda kwao. Yuko kwetu, kituoni. Agustino anasema amemwua mumewe."

Verediana alianza kusema kwa sauti ya juu mpaka jirani akachungulia. "Gaudensia? Huyo aliyekuwa anambeba mume wake mgongoni kumpeleka nje? Agustino ana wazimu! Na nyinyi mkamsikiliza!"

"Ndiyo maana nimekuja, mama. Mimi bado nasikiliza. Niambie kuhusu macho yako."

Alieleza akiwa amesimama, na hilo lilimfaa Judica. Mume wake alikuwa ameugua kifua. Wahudumu wakaja nyumbani, wakampima na yeye, wakamkuta hana ugonjwa, wakampa vidonge vya kumkinga, dawa ya aina moja tu. Baada ya wiki chache alichoka, chakula kikanuka, kisha watoto wakaanza kumshangaa macho. Watu wakasema kafanyiziwa. Muuguzi mmoja aliyekuwa anapita kwa chanjo akamwona, akamwambia aviache siku hiyo hiyo.

"Nikaviacha. Macho yakarudi meupe taratibu. Ndiyo haya unayoyaona."

"Ulikunywa kitu kingine chochote? Dawa ya mitishamba, pombe?"

"Mimi mlokole. Hata soda ni mpaka Krismasi."

"Na wewe na Bonaventura, baba mmoja mama mmoja?"

"Ziwa moja. Mimi, yeye, na wengine wawili waliokufa wadogo."

"Agustino?"

"Agustino ni wa mama mkubwa. Mama yake alitoka kwa Wanyaturu huko Singida. Baba ni mmoja, mama tofauti. Lakini yeye ndiye aliyetulea baba alipofariki. Alimpenda Bonaventura kuliko watoto wake mwenyewe, usione anavyopayuka." Verediana alifuta macho kwa ncha ya kitenge. "Mwambie Gaudensia mimi sijaamini. Mwambie hivyo hivyo."

Judica alimpa mkono. Walipogeuza gari tayari alikuwa anapiga namba ya hospitali.

*

Daktari Belinda alikuwa na foleni ndefu mlangoni na hakuficha kuwa anaibiwa muda. Alikuwa mtu wa Bukoba, aliyepangiwa wilaya hiyo mwaka uliopita, na yeye ndiye aliyempasua Bonaventura. Judica alimweleza habari ya Hirbadaw akitembea toka dirishani hadi kwenye kabati. Daktari alivua miwani.

"Ungeniletea huyo dada mapema ningekuwa nimelala vizuri," alisema. "Hebu tulia kidogo, unanitia kizunguzungu. Katika vidonge vya kifua kikuu kuna dawa nne zimechanganywa. Moja ni hiyo hiyo aliyopewa dada yake peke yake. Mwili unaipokea, kisha ini linaivunja ili itoke. Sasa, ini la mtu na mtu si sawa. Kuna wanaoivunja haraka, kuna wanaoivunja polepole, na ni jambo la kurithi kwa baba na mama. Chukua vikombe viwili. Kila asubuhi namimina chai ile ile. Wewe unamaliza chote. Mimi nafikia nusu, halafu nawekewa tena juu yake. Na kesho tena."

"Inamwagika."

"Inamwagikia kwenye ini. Si kwa kila anayevunja polepole, wengi wanavumilia. Lakini wengine hawavumilii. Dada na kaka wa ziwa moja, dawa moja, macho yale yale? Nikipata damu ya dada nitapeleka ipimwe, na kipande cha ini la marehemu ninacho. Majibu hayatakuja kesho."

"Kesho ndiyo ninayo."

"Najua. Na usidhani ni uzembe wa hapa tu. Viwango vya dozi ya dawa hii viliwekwa kwa kuangalia miili ya watu wa mbali. Hapa kwetu, kutoka Yaeda Chini mpaka Hanang, una Wairaqw, Wabarbaig, Wahadzabe, Wanyaturu, watu ambao hata lugha zao hazina undugu. Nani amewahi kuwapima kuona dawa inakaaje mwilini mwao? Tumeanza juzi, kidogo kidogo, na tulianza na wale ambao ugonjwa uliwarudia." Alirudisha miwani usoni. "Agustino Margwe ni mmoja wao."

Judica alisimama. "Ugonjwa ulimrudia?"

"Aliumwa, akamaliza dawa, akaumwa tena. Kila mahali wakamwandika mtoro wa dawa. Walimsema mbele ya wagonjwa wenzake, wakamwambia ni mwongo, anatupa vidonge chooni. Sisi tulimpa vidonge akameza mbele yetu, tukachukua damu baada ya saa chache. Ile dawa ilikuwa karibu imekwisha. Mwili wake unaimaliza mbio mbio. Hakuwa mtoro. Alimeza kila kidonge na havikumtosha."

"Ameambiwa?"

"Tumemwita mara nyingi. Haji. Alisema hatakanyaga tena hospitalini, penye watu wanaomwita mwongo. Alipona safari ya pili, kwa bahati."

Judica aliyaona yote mawili kwa pamoja na hakuyapenda. Ndugu wawili, kidonge kimoja. Mkubwa hakikumtosha, mdogo kilimzidi.

"Utasema haya mahakamani?"

"Nitasema. Lakini wakili wa serikali ataniuliza swali moja. Msimamizi wa dawa anafundishwa kumwangalia mgonjwa macho, na akiona manjano asitishe dawa amlete hapa. Agustino alisimamia kila siku. Je, hakuyaona? Kama hakuyaona basi hayakuwa manjano, na mwanamke anadanganya. Hapo mimi sina jibu, Inspekta."

*

Jua lilikuwa linazama walipotoka hospitalini. Judica alikaa kwenye kiti cha mbele na mlango wazi, mguu mmoja nje. Agustino hakuwa kipofu. Hakuwa mlevi. Alimpenda mdogo wake. Mtu anayekupenda, anasimama mbele yako kila alfajiri, anakutazama ukimeza, halafu haoni macho yako?

"Koplo."

"Naam, afande."

"Kile kikombe."

Marko alishika usukani kwa mikono miwili ingawa gari lilikuwa limezimwa.

"Wewe ni mtu wa hapa," Judica alisema. "Mwanamke anakauka midomo na hagusi kikombe cha watu. Anakaa pembeni na benchi lote liko wazi. Wewe unajua kwa nini, na umeniacha nizunguke wilaya mbili. Sema."

"Nyumba yao ilikuwa imetengwa," Marko alisema kwa sauti ndogo.

"Imetengwa vipi?"

"Ni mambo ya wazee. Mwanamke mimba yake ikiharibika, nyumba ile inakaa peke yake kwa muda. Hawaendi kwa watu, watu hawaendi kwao. Hawachangii vyombo, hawateki maji kisima cha wote, hawavuki mpaka wa shamba la mtu, wasije wakaambukiza wengine ule mkosi. Gaudensia mimba yake iliharibika wakati mume anaumwa. Bado hajatolewa."

"Na hukusema!"

"Niliona aibu, afande. Baba yangu ni mwinjilisti. Sisi tunasema tumeacha hayo. Nikikwambia, utasema Koplo Marko mshamba."

"Nitasema mjinga! Mshamba angenisaidia." Judica alishuka, akapiga mlango kwa kiganja, akazunguka gari, akarudi upande wa Marko. Hasira ilimpanda kweli, nyingi ikiwa juu yake mwenyewe. Alikuwa ameingia kwenye ile nyumba, akakanyaga kila mahali, akaona hakuna hata nyayo za jirani uani, na hakujiuliza. "Kama watu hawavuki mpaka, Agustino alikuwa anasimama wapi?"

Marko alifikiri. Kisha akamwangalia kwa mara ya kwanza. "Mbali," alisema.

"Kesho alfajiri tuko Masieda. Na unipitishe dukani, nataka binzari."

*

Mwanga ulikuwa bado wa kijivu walipofika. Agustino alikuwa zizini, mzee wa makamo, mwembamba, koti kubwa begani. Hakushangaa kuwaona.

"Shikamoo, mzee Agustino."

"Marahaba. Leo ndiyo anakwenda mahakamani?"

"Ndiyo. Saa tatu. Nimekuja unisaidie jambo moja ili kesi isije ikanivunjikia mikononi. Ulisema ulimsimamia mdogo wako. Nionyeshe."

"Nilisema ukweli."

"Sina shaka. Nionyeshe tu."

Aliwaongoza hadi kwenye ua wa minyaa uliogawa shamba lake na la marehemu. Penye pengo palikuwa na jiwe bapa. Alieleza bila kuficha kitu, na hata kwa fahari kidogo. Alfajiri alikuwa anaweka vidonge juu ya jiwe, kisha anarudi nyuma hadi zizini, maana nyumba ile ilikuwa imetengwa na hakutaka kuleta balaa kwa ng'ombe na watoto. Akifika zizini anapiga mluzi. Bonaventura anatoka na maji yake, anachukua, anameza, anafungua mdomo kuonyesha, anarudi ndani.

"Kila siku?"

"Hata mvua ikinyesha. Alipokuwa hawezi kutembea aliambaa na ukuta. Nilimwambia, mdogo wangu, meza. Mimi waliniita mtoro. Wewe hawatakuita."

"Alikuwa anabisha?"

"Bonaventura? Hajawahi kunibishia tangu azaliwe."

"Sawa. Nenda ulipokuwa unasimama."

Agustino alirudi zizini na Judica akaenda naye; Marko alibaki, akapotelea nyuma ya nyumba ya marehemu. Kisha Judica akapiga mluzi, na Koplo Marko akatoka nyuma ya nyumba ya marehemu. Alitembea mpaka kwenye jiwe, akainama, akajifanya anachukua kitu, akakiweka mdomoni, akafungua mdomo wazi.

"Umemwona akimeza?"

"Nimemwona."

"Ana nini usoni?"

Agustino alikaza macho. "Hana kitu."

"Angalia vizuri."

"Nimeshasema hana kitu. Ni Marko, mtoto wa mwinjilisti. Unanichezea?"

"Msogelee."

Agustino alianza kutembea. Katikati ya njia alipunguza mwendo. Alipofika kwenye minyaa alisimama kabisa. Marko alikuwa amepakwa binzari kuanzia kwenye nyusi mpaka mashavuni, kuzunguka macho yote mawili, manjano ya kuchoma. Alisimama wima hivyo hivyo, hakujua aangalie wapi.

Ng'ombe alilia zizini. Agustino alitazama nyuma alikotoka, akatazama jiwe, akatazama tena uso wa Marko.

"Alisimama pale," alisema, akionyesha mlango wa nyumba. "Gaudensia. Alipiga kelele, shemeji, macho yake! Njoo uone macho yake! Nikamwambia, mwanamke, hutamfanya mdogo wangu mtoro kama walivyonifanya mimi. Nikamwambia mimi namwona vizuri tu."

"Na alipovifukia vidonge, ukaleta vingine."

"Zahanati walinipa. Hawakutaka kumwona mgonjwa, walinijua mimi." Alimgeukia Judica. "Mimi zilinitibu. Sisi ni damu moja, afande! Dawa iliyonitibu mimi itamwuaje yeye?"

Judica alimweleza. Alisimama palepale kwenye pengo akamweleza yote: habari ya Verediana, habari ya vikombe viwili vya chai, habari ya damu yake mwenyewe kule hospitalini. Alitamani kufupisha, lakini mtu huyu alistahili kuyasikia yote. Alipofika mahali pa kusema hakuwa mtoro, kwamba alimeza kila kidonge na ni mwili wake tu ulioimaliza dawa mbio, Agustino alikaa chini kwenye umande.

"Mara mbili niliitwa mwongo mbele ya watu," alisema. "Nikaapa halitarudi kwenye ukoo wetu. Kumbe… Mungu wangu. Kumbe Bonaventura angekuwa ametoroka tu. Angekuwa mtoro tu, angekuwa hai."

Simu ya Judica ililia. Afande Bura hakusalimia. Gari la mahakamani linapakia, alisema, na kama Inspekta ana kitu cha maana akiseme sasa.

"Ninaye mlalamikaji hapa, afande."

"Mlalamikaji ana nini?"

Agustino alinyoosha mkono. Judica alimpa simu. Aliishika kwa mikono miwili, akaiweka mbele ya mdomo.

"Shikamoo, mkuu. Ni mimi, Agustino Margwe. Aliyempa ndugu yangu dawa mpaka akafa ni mimi. Mke wake alinikataza. Mtoeni yule mwanamke kwenye gari."

*

Walipomtoa Gaudensia nje ya kituo, jua lilikuwa limepanda. Afande Bura alikuwa ameandika alichopaswa kuandika ili aachiwe, uso umekunjamana, kisha akajifungia ofisini kwake. Agustino alikuwa amesimama kwenye ngazi tangu afike. Alimshika Judica mkono wa shati.

"Niingize mimi sasa."

"Uingie wapi?"

"Humo alimotoka. Nimeua."

"Ulikusudia?"

"Afande, usiniulize maswali ya mahakamani. Nifungie."

Judica alimwonea huruma hasa, na huruma ilimkera kwa sababu haikuwa na kazi ya kufanya. "Sina kosa la kukufungia, mzee. Ningekuwa nalo ningekufungia, pengine ungepata usingizi. Nenda nyumbani."

"Nyumbani kuna mama yake Bonaventura. Nitamwambia nini?"

Gaudensia alisikia. Alikuwa amesimama kando, peke yake, mbali na watu waliojazana kaunta, mfuko wake wa chakula mkononi. Agustino hakuthubutu kumtazama. Hata Koplo Marko, ambaye binzari haikumtoka yote, aliangalia chini.

"Shemeji," Gaudensia alisema.

"Naam."

"Mimi bado nimetengwa. Siwezi kupita njia ya watu hivi hivi, wala sitapanda gari la watu. Anahitajika mtu wa kunitangulia, awaambie wapishe."

Agustino aliinua uso.

"Tangulia," alisema Gaudensia. "Na kila utakayemkuta njiani, akikuuliza nilikuwa wapi, mweleze. Ukifika kwa mama, mweleze na yeye. Mimi nitakuwa nyuma, nasikiliza."

Agustino alivua kofia. Alishuka ngazi, akavuka barabara, akaanza kutembea. Gaudensia alimwacha aende mbali kidogo, kisha akafuata. Hapo sokoni ng'ambo ya barabara, kwenye meza za vitunguu swaumu, mama mmoja alimwona Agustino akamwuliza habari za asubuhi, na Judica, aliyekuwa bado amesimama mlangoni, akamwona mzee akisimama, akigeuka kumwelekea yule mama, akianza kusema.